Mlima Unaoteremka: Yampasayo Askari Kuyajua Kuhusu Ardhi ya Elgon

Askari yeyote aliyepata kutumikia Jinja anaujua mji huo kwa mto wake, lakini jina lake ni la mawe. Wenyeji waliuita hivyo kwa ajili ya majabali yaliyosimama pale Ziwa Viktoria linapoyatoa maji yake kuwa mto Naili. Mwingereza Speke alipofika mahali hapo mwezi Julai mwaka 1862 aliyakuta maji yakirukia ukuta wa jiwe gumu, akayaita maporomoko ya Ripon. Maji hayo yalikuwa yamepita juu ya ukuta ule kwa zaidi ya miaka elfu kumi, na ukuta ulikuwa ungali umesimama. Ilibidi binadamu aje na baruti na mitambo, wakati wa ujenzi wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ndipo njia ya maji ilipopanuliwa.

Tena maji ya Jinja ni meupe. Ziwa ni kubwa mno hata tope la mito yote iingiayo humo hutulia chini kabla ya kufika mlangoni pa Naili. Mtu akisimama darajani huweza kuona jiwe lililolala chini ya maji.

Sasa na ashike njia ya Iganga, apite Tirinyi, avuke kinamasi cha mto Mpologoma na kuelekea Mbale, mwendo wa kilomita kama 150. Mbele yake mlima utapanda polepole kutoka katika ukungu. Akifika mto Manafwa siku ya mvua, atayakuta maji ya rangi ya matofali, mazito, yanayobeba matawi, migomba mizima na udongo ambao jana ulikuwa shamba la mtu. Kumbe kati ya miji hii miwili, isiyozidi mwendo wa nusu siku kwa gari, lipo jiwe linaloshinda maji, na lipo jiwe linaloshindwa na maji.

Twalieleza jambo hili katika ukurasa wa askari kwa sababu lililo wazi. Kila mara mlima wa Elgon unapoporomoka, wanaoitwa ni sisi. Tuliitwa Bududa mwaka 2010, tukaitwa tena mwaka 2012 na 2018 wilayani humo humo, tukaitwa Bulambuli mwezi Novemba mwaka 2024. Mwanajeshi hafundishwi kuingia uwanja asioujua. Yafaa basi tuujue na uwanja huu.

Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, ni volkano iliyozimika. Kilele chake cha juu, Wagagai, kina urefu wa mita 4,321, na kasoko yake ina upana wa kilomita nane hivi. Umri wa mlima huu wapita miaka milioni ishirini, na wataalamu wengi huamini kwamba zamani ulikuwa mrefu kuliko Kilimanjaro ya leo. Msomaji atauliza, sehemu iliyopungua imekwenda wapi? Sehemu yake anaikanyaga kila apitapo Budaka, Butaleja na kandokando ya vinamasi vya Mpologoma. Mlima umekuwa ukiteremka tangu moto wake ulipozimika, nao hautaacha kuteremka kwa amri ya mtu.

Kazi hiyo ya kuteremka ina hatua mbili, na ni vema kuzitenganisha. Hatua ya kwanza ni kuchakaa kwa jiwe pale pale lilipo. Hatua ya pili ni kuchukuliwa kwa kile kilichochakaa, yaani mmomonyoko. Jiwe zima halimomonyoki kwa urahisi. Sharti kwanza livunjike.

Linavunjikaje? Jua likiliwakia jabali mchana kutwa, ngozi yake ya nje hupata moto na kutanuka, ilhali moyo wake ungali baridi. Usiku ngozi ile hupoa na kunywea. Kazi hii ikirudiwa kwa maelfu ya miaka, na unyevu ukisaidia, ngozi huachana na moyo na kubambuka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Asiyesadiki na aende kaskazini ya Mbale, njia ya Kumi na Soroti, atazame majabali ya matale yaliyoviringana kama migongo ya viboko. Chini ya moja ya majabali ya namna hiyo, pale Nyero, watu wa kale walichora duara zao kwa rangi nyekundu na nyeupe. Vipande vilivyobambuka utavikuta vimelala chini yake.

Kule juu kileleni mfanyakazi ni mwingine. Usiku baridi hugandisha maji yaliyoingia katika nyufa, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kadiri ya sehemu tisa kwa mia. Maji hayana pa kwenda ila kusukuma, na hakuna jiwe lenye nguvu ya kuyazuia milele. Asubuhi barafu huyeyuka, maji huingia ndani zaidi, na usiku unaofuata kabari hupigwa tena. Chini kidogo, mizizi ya miti hufanya kazi kama hiyo bila kuhitaji baridi; huanza nyembamba kama uzi, huishia nene kama paja.

Na mlima huu una mfanyakazi mwingine ambaye hapatikani katika milima mingi duniani, naye ni tembo. Upande wa Kenya, katika pango la Kitum linaloingia ndani ya mlima karibu mita 200, tembo wamekuwa wakiingia gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, na kuchokoa ukuta kwa pembe zao ili walambe chumvi iliyomo katika jiwe. Vizazi kwa vizazi wamelipanua pango. Jiwe linaloweza kuchimbwa kwa pembe ya mnyama si jiwe la Jinja, na hapo ndipo ilipo siri ya Elgon yote. Sehemu kubwa ya mlima huu ni majivu ya volkano na vipande vya mawe vilivyoshikamanishwa na majivu hayo, na katikati yake mna mikanda ya lava ngumu. Mikanda hiyo ndiyo iliyosimama kuwa magenge, kama lile la Wanale linaloutazama mji wa Mbale, na yale ambayo mto Sipi hujitupa kutoka juu yake. Kilicho kati ya genge na genge ni laini, huoza upesi kwa joto na mvua, kikawa udongo mzito wa mfinyanzi wenye kina kirefu.

Tumesema huoza, na neno hilo lisimtishe mtu, kwa maana kuoza huko ndiko kunakowalisha watu. Jiwe la volkano likioza hutoa udongo wenye rutuba kubwa. Mvua ya mlimani hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Kahawa ya Bugisu, ambayo chama cha ushirika cha Bugisu kimekuwa kikiishughulikia tangu miaka ya 1950, imepata sifa yake kutoka katika udongo huo na baridi ya miteremko hiyo. Migomba husimama kama msitu. Ndiyo maana wilaya ya Bududa, ambayo ni ndogo na yenye miteremko mikali, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 200,000 mwaka 2014. Kwa hiyo tunaposikia mwenzetu akiuliza kambini, "Watu hawa wanakaa kule kwa sababu gani, hawana akili?", twamwomba azuie ulimi. Wanakaa kule kwa sababu ile ile iliyowakalisha babu zao: jiwe limeoza likawa chakula.

Hatari huanza pale udongo ule uliooza unapokuwa mwingi, mteremko ukawa mkali, na maji yakapata pa kukaa. Kila askari aliyepata kuchimba handaki katika udongo wa mfinyanzi anajua habari hii kwa mikono yake. Wakati wa kiangazi kuta za handaki husimama wima kama zimejengwa. Mvua ya siku mbili ikinyesha, kuta hufura, hulainika, kisha upande mmoja huanguka mara moja wala hauanguki kidogo kidogo. Mlimani ni hivyo hivyo kwa ukubwa wa kutisha. Maji hupenya udongo wa juu ulio huru, yakafika kwenye tabaka la mfinyanzi au jiwe lisilopitisha maji, yakasimama hapo. Udongo wote ulio juu huwa kama umewekwa juu ya sahani iliyopakwa mafuta. Zaidi ya hayo, maji yaliyonaswa husukuma kwenda juu, yakiupunguzia udongo ule uzito uliokuwa ukiushikilia chini. Mabonde madogo yaliyobonyea kama kiganja, ambamo maji ya pande zote hukusanyika, ndiyo mabaya kuliko yote. Nayo, kwa msiba, ndiyo yenye udongo mnene na chemchemi karibu, ndiyo mtu mwenye busara angeyachagua kwa kujenga.

Mkono wa binadamu nao umo. Mteremko ukiwa mkali, mwenye kujenga nyumba hukata ukuta wa ardhi ili apate kiwanja bapa, na kwa kukata huko huondoa mguu uliokuwa umeegemewa na kilima chote cha juu. Njia za miguu na barabara hukatwa vivyo hivyo. Miti ya kale iliyokuwa imefunga udongo kwa mizizi imetoweka katika sehemu nyingi. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2006 juu ya eneo la Manjiya, ambalo ndilo Bududa ya leo, ulihesabu maporomoko 98 ya miaka ya karibuni yaliyokuwa yamesogeza udongo wa mita za ujazo milioni 11 na kuua watu 48 tangu mwaka 1997, mwaka wa mvua kubwa za El Niño. Wataalamu hao walitaja mteremko, mvua, aina ya udongo, na ukataji wa ardhi kwa ajili ya nyumba na njia. Habari hizo zilikuwa zimekwisha andikwa miaka minne kabla ya Nametsi.

Jioni ya tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ndefu, upande wa kilima ulikatika juu ya Nametsi na vijiji jirani, ukafunika nyumba, maduka na kituo cha afya ambamo watu walikuwa wamejikinga na mvua. Zaidi ya watu 300 walikufa au hawakuonekana tena. Miili iliyofukuliwa ilikuwa kama mia moja. Waliosalia, mlima umewahifadhi. Barabara haikufika mahali pale na mitambo mizito haikuweza kupanda. Askari walipanda kwa miguu katika utelezi, wakachimba kwa majembe, masepetu na mikono, bega kwa bega na wanavijiji waliokuwa wakiwatafuta watoto wao. Waliochimba walichimba huku mvua ikiwanyeshea na kilima kile kile kikiwa juu ya vichwa vyao.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana mengi yameandikwa juu ya msiba wenyewe, na machache juu ya mchimbaji. Kilima kilichoporomoka hakijamaliza kazi. Pale juu kilipokatika kimeacha ukuta wima, mbichi, usioegemea kitu, na nyuma ya ukuta huo aghalabu mna nyufa nyingine zinazosubiri mvua. Poromoko la pili huweza kuja saa ile ile au siku ya tatu, nalo huwakuta wengi zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu watu wamekusanyika. Kamanda wa kikosi kidogo anayefika mahali kama hapo, kabla hajagawa masepetu, na apeleke macho juu. Na aweke watu wawili wenye macho mazuri na filimbi mahali pa usalama pembeni, wautazame ule ukuta wa juu tu wasiangalie kitu kingine, nao wabadilishwe kwa zamu kama walinzi wa lindo. Kila mchimbaji aonyeshwe mapema atakimbilia wapi. Na njia ya kukimbilia ni ya pembeni, kwenda kwenye mwinuko wa ubavuni, kwa kuwa hakuna mguu wa binadamu unaolishinda tope linaloteremka nyuma yake. Watazamaji wazuiwe wasijazane chini. Kazi hii ya mwisho ni ya polisi, nayo ni ngumu kuliko kuchimba, kwa sababu unayemzuia ni mama anayetafuta mtoto.

Wengine hudhani tope ni maji machafu tu. Tope la mlimani lina uzito unaokaribia mara mbili ya uzito wa maji, na kwa ajili hiyo hulielea jiwe ambalo maji yasingeweza hata kulitikisa. Tarehe 11 Oktoba 2018, huko Bukalasi, wilaya ya Bududa, mvua iliangusha ardhi katika mto mdogo wa mlimani, na mto ule ukashuka na majabali makubwa hadi penye maduka na nyumba. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wakiwa mbali na mahali kilima kilipokatika. Aliye chini bondeni asijidanganye kwamba salama yake ni kuwa mbali.

Mji wa Mbale wenyewe ulijifunza habari hiyo usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022. Mito Nabuyonga na Namatala, ambayo siku za kawaida mtoto huivuka, ilifurika kwa mvua iliyonyesha mlimani, ikaingia mjini, ikachukua magari pamoja na abiria, ikakata mabomba ya maji ya kunywa. Zaidi ya watu 20 walikufa. Wapo waliofia katika gari kwa sababu dereva alidhani daraja lililofunikwa bado liko mahali pake. Askari wa barabarani akikuta maji yamepita juu ya daraja, na afunge njia kabla ya kuuliza, hata kama abiria watamtukana.

Dalili zipo, na mlima hutoa habari kwa anayejua kusoma. Ufa mpya ardhini, hasa uliopinda kama mwezi mchanga na ncha zake zikielekea chini, ni dalili ya kwanza. Miti au nguzo zilizokuwa wima zikaanza kuinama. Mlango uliokuwa ukifungika jana leo haufungiki, kwa sababu nyumba imesogea. Chemchemi mpya ikatokea mahali pakavu, au ya zamani ikakauka ghafula. Na dalili mbaya kuliko zote ni hii: mto mdogo ambao katikati ya mvua kubwa unapungua maji mara moja na kugeuka tope. Mtu asiyejua hushukuru kwamba mvua imekwisha huko juu. Ukweli ni kwamba ardhi imeanguka ikauziba, maji yanajikusanya nyuma ya kizuizi, nayo yatashuka yote pamoja.

Polisi wa kituo kidogo cha kata ya mlimani hana mtambo wa kupimia mvua wala ndege ya kutazama kutoka angani. Lakini katika doria yake ya kila siku hupita njia zile zile, huwajua wazee, na wazee hujua ufa upi ulikuwapo tangu zamani na upi ni wa juzi. Akichoma vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, na kupima umbali baina yake kwa kamba kila asubuhi, atakuwa na habari ambayo makao makuu hayana. Ufa ukipanuka kwa vidole viwili wakati wa mvua, habari hiyo na ipande ngazi usiku huo huo, na watu walio chini waamshwe. Twaona kwamba daftari moja la namna hiyo lina thamani kupita lori zima la masepetu yatakayoletwa baadaye.

Serikali imejaribu njia ya kuwahamisha watu. Baada ya Nametsi, mamia ya familia zilipelekwa Kiryandongo, mbali sana na Bugisu. Baadaye ardhi ilitafutwa karibu zaidi, Bunambutye, katika tambarare ya Bulambuli chini ya mlima, na vikosi vya uhandisi vilijenga nyumba huko. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019. Ardhi ya Bunambutye ni bapa, haiwezi kumwangukia mtu. Hata hivyo mwezi Novemba mwaka 2024 watu walikuwa bado wamejaa katika miteremko ya juu ya wilaya hiyo hiyo ya Bulambuli, na poromoko la tarehe 27 lilipokuja lilifunika makumi ya nyumba za Masugu na vijiji jirani.

Wengi wa waliohamishwa hurudi milimani, na sababu zao yafaa zisikilizwe kabla ya kulaumiwa. Makaburi ya wazazi yako juu. Mahali ambapo kijana wa Kigisu hutahiriwa mbele ya ukoo wake pako juu. Na kahawa iko juu. Haistawi katika joto la tambarare, wala mtu hawezi kuing'oa akaihamisha pamoja na vyombo vya nyumbani. Kwa hiyo zinapoiva tunda zake, mwenye shamba hufunga nyumba yake mpya ya mabati, hupanda na wanawe, na kulala katika kibanda kando ya mibuni majuma kadhaa hadi atakapomaliza kuchuma. Uchumaji huo hukutana na mvua za mwisho wa mwaka. Katika majuma hayo kituo cha polisi cha mlimani kina watu wengi wa kuwaangalia kuliko wale walioandikwa katika daftari la kijiji.